Kisanduku cha kura ya maji kilichosikiliza redio

Wakuu, salaam aleikum. Naandika yaliyonikuta mwenyewe. Mkiona chumvi, nisuteni hapa hapa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi fundi redio Ukunda, darasa la nane tu, kichwa kimejaa ndoto.

Shangazi yangu alishika ufunguo wa bomba la maji huko Kinango. Kiangazi maji hayakutosha, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na namba, naye asubuhi alipiga kura ya vikaratasi nani atangulie.

Maneno yakaanza, eti anawapendelea ndugu zake. Wakataka kumpokonya ufunguo. Shangazi hali, analia tu. Iliniuma.

Mgeni mmoja wa hoteli Diani alikuwa ameniachia kabodi kadogo ka microcontroller, chip unayoiandikia program ikafanya unachotaka. Nikaandika program ya kupiga ile kura badala ya vikaratasi, rafiki akiniazima kompyuta ya kazini kwao. Nikaitia bodi ndani ya kisanduku, nikakipeleka Kinango: ukibonyeza, namba ya nyumba inawaka.

Siku ya pili jirani mmoja, Mama Mbodze, ambaye hakusoma lakini hasahau, akaniambia, "Mwanangu, jana kilitaja kumi na saba, nne, kumi na moja. Leo vile vile. Wewe na shangazio mwatuona mbuzi?"

Kweli. Program yangu ilikuwa inakokotoa tu, na kila ukiwasha inaanza hesabu ile ile. Nilikosa pa kuweka macho.

Nikarudi nacho mezani kwangu Ukunda. Redio ya mteja, katikati ya stesheni mbili, ilikuwa inafanya shhhh. Nikauvuta ule mvumo kwa waya hadi kwenye bodi. Ukipanda juu ya kiwango, chip inaandika moja, ukishuka, sifuri, na kutokana na hizo inatoa namba ya nyumba.

Wakuu, nilizitazama zile moja na sifuri hadi chai ikapoa. Sikuona mpango wowote. Miaka yote nilikuwa nauondoa mvumo ule kama uchafu, kumbe ndani yake mna kitu asichoweza binadamu kukipangia. Subhanallah.

Nikakirudisha kisanduku Kinango, redio na yote. Watu wamesimama na ndoo. Mama Mbodze akabonyeza mwenyewe.

Ikawaka tatu. Namba ya shangazi.

Wote wakanigeukia.

Shangazi akanishika mkono. "Rudia, baba. Rudia."

Nikamwambia siwezi. Nikirudia, nitakuwa nimechagua mimi.

Mama Mbodze akainamisha sikio kwenye redio, akasikiliza kitambo. "Hii haina shangazi," akasema. "Chota, mwenzangu, watu wana kiu."

Akachota. Ufunguo haukuulizwa tena.

Nilichojifunza: kitu cha haki kinaweza kukuaibisha siku ya kwanza, na ukikigusa kidogo tu ili kipendeze, umekiua.

Sasa mliosoma electronics, nambieni: mvumo ule hasa watoka wapi? Mimi hadi leo nikiusikia, nanyamaza kwanza.