Nyota Isiyotua

Hapa kwetu Kibirichia, mbegu ya viazi nachagua mimi. Mwenye macho mabaya huchanganya kilichooza na kizima, shamba zima likaugua. Siku nitakayoshindwa, kazi itaenda kwa mke wa mwanangu, nami niketi jikoni kama mgeni.

Kwa hivyo macho yalipoanza kuingia ukungu sikumwambia mtu. Nilijipima mwenyewe. Kila jioni nikimaliza kukama, nilitafuta juu ya kilima ile nyota nyekundu inayofuata kundi la Kilimia. Nikiiona, basi, macho ni mazima. Nilikuwa nimechoka. Sikutaka maneno ya hospitali.

Mwezi wa nane mjukuu wangu, mwalimu wa sayansi kule Embu, alikuja likizo. Jioni tulisimama uani, ndoo ya maziwa mkononi mwake.

“Ile nyota ya nyuma ya Kilimia ina moto,” nikamwambia. “Ona ilivyo nyekundu.”

“Nyekundu ndiyo imepoa, Cucu. Zenye moto ni zile nyeupe. Hiyo imezeeka ikavimba. Jua letu kando yake ni punje ya maharagwe kando ya boga.”

Kuni nazijua, zikikaribia kuisha hubaki nyekundu. Hilo halihitaji shule.

“Lakini unaonyesha wapi?” akauliza.

“Pale juu ya kilima. Ama wewe ndiye kipofu?”

Alicheka, halafu akaacha. “Cucu, ile ni taa ya mnara wa simu. Nyota yako mwezi huu huchomoza tukiwa tumelala.”

Na mimi nilijua. Tangu utoto najua Kilimia hupotea, hurudi, na nyota hiyo iko nyuma yake. Miezi hiyo yote nimeangalia kitu kimesimama pale pale, hakipandi, hakitui, na sikujiuliza. Hayo si macho peke yake. Ni kuchoka.

“Nuru ya nyota yako iko njiani miaka mingi,” akasema polepole. “Inayofika sasa ilitoka ukiwa msichana.”

“Imefika bure. Ingiza maziwa.”

Asubuhi alimwaga gunia nililokuwa nimechagua. Vilivyooza vilikuwa vingi. Akavitenga kimoja kimoja mbele yangu, na hilo liliniuma zaidi.

Nikamwita mke wa mwanangu, nikampa kigoda changu. “Keti. Usiangalie tu, bonyeza. Kilicho laini, tupa.”

Kisha nikaingia ndani kupapasa sandukuni, nitafute kitambulisho cha kwenda nacho hospitali.