Mama Unga na Jiwe la Pande Sita

Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu alifunga mifuko ya unga usiolika. Kiwanda alichofanyia kazi kilisaga mawe meupe, na unga wake ukapelekwa kutengenezea vioo na vigae. Malori yalimwaga mawe uani, kinu kikayaponda na kuyasaga, na yeye alikuwa pale mwisho wa bomba. Anategesha mfuko, unajaa, anaukunja mdomo, anaushona, anausukuma kando, anategesha mwingine. Akitoka hapo ni mweupe kuanzia kope hadi kucha za miguu. Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Unga.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi. Jioni alimpokea mlangoni na ile brashi anayofutia nywele shingoni mwa wateja.

"Simama hapo hapo," humwambia. "Mimi nilioa mke, sikuoa ukuta uliopakwa chokaa."

Naye hucheka huku akikohoa, akifutwa mabega. Kikohozi hicho hakuna aliyekitia maanani. Wafungaji wote wa mifuko walikohoa, wakakiita salamu za kiwandani.

Mawe yenyewe hakuwahi kuyatazama. Atayatazamia nini? Yalikuwa kazi, na kazi ikiisha mtu anataka kuoga.

Mambo yalibadilika binti yao alipoanguka kwenye ngazi za shule akavunjika mguu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mtoto wao wa pekee. Akafungwa plasta hadi pajani, akaambiwa akae nyumbani wiki sita. Wiki sita kwa mtoto asiyejua kutulia! Baba mtu akamwachia simu yake ili asiwachoshe watu, na humo binti akagundua katuni moja ya wasichana wawili wa shule wanaookota mawe. Hakuna vita, hakuna uchawi, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Wanapanda mto, wanainua jiwe, wanalisafisha kwa mswaki, wanalishangaa.

"Hawa watoto kwao hakuna vyombo vya kuosha?" Mama Unga aliuliza mara ya kwanza, akipita na ndoo.

"Mama, nyamaza basi, wamelipata!"

Akasimama kidogo aone kilichopatikana. Kwenye kioo cha simu, msichana alikuwa ameshika jiwe lililochongoka kama penseli, maji yakidondoka, na mwanga ukipita ndani yake. Mama Unga akaweka ndoo chini.

"Hilo nalijua," akasema. "Hilo ndilo tunalosaga."

Binti akamgeukia. "Hilo? Mama, hiyo ni kwatzi!"

"Basi mimi nimeila kwatzi miaka kumi na saba."

Walicheka wote wawili, na mama akaketi ukingoni mwa kitanda. Vyombo havikuoshwa hadi kipindi kilipokwisha.

Kesho yake alifika kazini kabla ya king'ora, akaenda kwenye lundo uani. Shoga yake waliyemwita Redio, kwa jinsi asivyojua kunyamaza, alimkuta amechuchumaa akigeuza mawe moja moja.

"Umepoteza pete?"

"Natafuta lenye pande sita."

"Jiwe lina pande? Mwenzetu leo umeamka na homa!"

Alilipata siku ya nne, dogo kama kidole gumba, limejificha katika ufa wa jiwe kubwa. Akahesabu pande kwa ukucha, zikatimia sita. Akahesabu tena. Hakuna mtu aliyelichonga, na bado lilikuwa limenyooka kuliko meza ya fundi. Alilifunga kwenye leso akalitia kifuani, na siku nzima, kinu kikinguruma na mifuko ikijaa, alikuwa akiligusa kwa kifundo cha mkono kuhakikisha lipo.

Tangu hapo nyumba ile ikawa na kichaa cha mawe. Binti alisoma, mama akajaribu. Walikwaruza kipande cha kioo kilichovunjika: jiwe lililoacha alama, kwatzi, lililoshindwa, kitu kingine. Walidondoshea siki jiwe moja la rangi ya maziwa, likatoa vipovu, na Mama Unga akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Ulanga, jiwe la matabaka, aliubandua kwa wembe wa mumewe, karatasi juu ya karatasi, nyembamba zenye kung'aa.

"Wembe wangu!" kinyozi akalalamika. "Wateja watatoka hapa wanametameta."

Lakini ndiye aliyewatengenezea kasha lenye vyumba vidogo, akaweka pamba kila chumba. Hakuwahi kumwona mkewe hivyo. Mwanamke aliyekuwa akirudi, anakula, analala, sasa alikuwa na jambo la kusimulia.

Plasta ilipotolewa na mguu ukapata nguvu, walipanga safari ya Jumapili kwenda kwenye kijito nje ya mji, kama wale wasichana wa katuni. Kufika kijitoni kulikuwa na kimlima, si kirefu. Binti aliyetoka juzi kwenye plasta alikipanda akichechemea, akafika juu, akageuka. Mama yake alikuwa bado chini, ameshika mti, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi.

"Tangulia," alimpungia mkono. "Nakuja. Navuta pumzi tu."

Mama hakuweza kupanda. Walirudi nyumbani taratibu, wakipumzika kila baada ya hatua ishirini, na kesho yake kinyozi akafunga duka akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Aliinua picha ya kifua dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Nasaga mawe. Nafunga unga wake."

"Mawe ya aina gani?"

Miezi michache kabla ya hapo angejibu, mawe tu. Sasa akakaa wima kitini, na mumewe, aliyekuwa pembeni, anasema hataisahau ile fahari usoni mwake.

"Kwatzi, daktari. Inakwaruza kioo. Ikikua yenyewe huwa na pande sita."

Daktari aliandika. Kisha akaweka kalamu chini, akasogeza kiti karibu, akamshika mkono. Akawaeleza kwamba vumbi la jiwe hilo, likivutwa, halitoki. Limeacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayafutiki wala hayana dawa ya kuyarudisha nyuma. Aache kazi leo, si kesho.

Binti alipoambiwa hakulia. Alichukua lile kasha akaenda kulimwaga jalalani, pamba na vyote. Mama yake alimfuata kwa mwendo wa kobe, akamkuta anayakanyaga.

"Yaokote," alimwambia.

"Yamekuua!"

"Jiwe lilikaa chini ya ardhi, halikunitafuta. Tulilisaga kavu, bila hata tone la maji, na hakuna aliyetuambia kitu. Yaokote, mwanangu. Mimi siwezi kuinama."

Aliyaokota, kwa hasira, na ni hapo machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata Mama Unga alikwenda kiwandani, akamwomba msimamizi aweke bomba la maji kwenye kinu ili vumbi lisiruke. Msimamizi alimwagizia chai, akamwambia wakubwa watalitazama suala hilo. Akatoka akaenda kuketi getini, na wafungaji walipopita wakati wa mapumziko akawasimulia, akinyamaza kila baada ya sentensi kutafuta pumzi. Redio alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akawakusanya wenzake saba wakaenda kupigwa picha za kifua. Watatu walikuwa na makovu yale yale, Redio mmoja wao.

Wanawake wote wa kiwandani waligoma siku tisa, ndipo bomba likawekwa. Linafanya kazi siku nyingi, si zote.

Mama Unga aliishi miaka miwili na miezi kadhaa. Mwishoni alikuwa akilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha anazama. Wenzake walimletea vipande vya mawe ili wapate sababu ya kuja, naye akawatajia majina kwa sauti iliyopungua kila mwezi, hadi ikawa anaandika kwa kidole hewani na binti yake anasoma. Alikufa saa sita mchana, kinyozi akimpepea kwa gazeti. Mumewe alisema aliendelea kupepea kwa muda, hakutaka kuwa wa kwanza kuacha.

Watu wa mtaani walidhani binti atasomea mawe. Kila aliyekuja kuhani alimwambia hivyo, atimize ndoto ya mama. Hakuyasomea. Amejifunza ushonaji, ana cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la baba yake, na wateja wanamsifu kwa mkono mwepesi. Ukimuuliza habari za mawe atakujibu kwa adabu, bila kuinua macho, kwamba hayo yalikuwa ya mama.