Amri Iliyokuta Malori Yamepakiwa

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Ufipa inapenya kwenye kibanda cha mabati pale Mpui. Coleta Felisiani anapitisha shazia kwenye mdomo wa gunia la pumba. Redio ya jirani inapoanza taarifa ya habari, mkono wake unasita.

Alikuwa mshona magunia katika ghala na kinu cha mahindi cha kampuni ya kigeni, iliyokuja Sumbawanga baada ya serikali kulegeza masharti ya biashara. Tawi jingine la kampuni hiyo lilikuwa ng'ambo ya mpaka, Mbala, Zambia. Kwa mshahara wa shilingi elfu hamsini kwa mwezi, Coleta aliezeka nyumba bati.

Kisha, msimu mmoja wa mavuno, dereva Leonidas aliyekuwa amepeleka mahindi ya kuuzwa Kongo alirudi getini na mzigo wake uleule.

"Dada Coleta, wameturudisha kutoka bandarini Kasanga. Mahindi marufuku kupelekwa nje ya nchi, eti mikoa mingine ina njaa. Imetangazwa redioni."

"Nilicheka," Coleta anamsimulia mwandishi wa makala haya. "Nikadhani ananitania. Asubuhi ileile tulikuwa tumegongewa muhuri wa kibali!"

Meneja alihangaika ofisi hadi ofisi. Mvua zikaingia, mahindi yakavunda. Kabla ya Krismasi, geti lilifungwa kwa mnyororo.

Katika mkutano wa hadhara wa mkuu wa wilaya, Coleta alisimama. "Mheshimiwa, njaa ya wenzetu hatuikatai. Lakini kibali mtupe asubuhi, mchana mkifute? Nani atakuja tena kuweka ghala hapa?"

"Amri ni amri, mama," alijibiwa.

Kilichomkata maini kilikuja baadaye, wifi yake Cornelia alipomtembelea kutoka Mbala.

"Wifi, kwetu kampuni ile imeongeza kinu cha pili," alimwambia. "Sheria ikibadilika, wanaambiwa kabla ya msimu."

"Hebu fikiria," anasema Coleta. "Tajiri mmoja, mashine zilezile. Kule kampuni inanenepa, huku imekufa!"

Leo yeye na mwenzake Scola wananunua pumba kwenye mashine za watu na kuwauzia wafugaji, akiwemo mzee Maganga, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Wanaweka akiba ili mwakani wanunue mashine yao ya kusaga.

"Unga utaliwa hapahapa, pumba italiwa hapahapa," anasema. "Haivuki mpaka. Nani ataipiga marufuku?"

Anakaza uzi, kisha anamgeukia mwandishi na kushusha sauti.

"Au wanaweza?"