Msimu Ambao Mama Alikimbia kwa Gambuti

Moshi wa kuni za mkaratusi ambazo hazijakauka vizuri una harufu yake, kali na tamu kwa pamoja, kama dawa ya kifua iliyomwagika kwenye sweta. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Kwetu Gesima, huku juu Nyamira ambako ukungu hukalia majani chai mpaka jua lipande, mtoto mwenye kifua kibovu alilazwa jikoni. Sijui nani alianzisha jambo hilo, lakini kila boma nililolijua lilifanya hivyo: baridi ndiyo adui, moto ndio dawa. Mimi nilikuwa na kitanda changu kidogo karibu na mafiga, na sweta juu ya sweta, na Mama akiamka alfajiri jambo lake la kwanza lilikuwa kuchochea moto nipate joto. Nikikohoa, anaongeza kuni. Nikikohoa zaidi, anaongeza tena. Nayasema haya kwa upendo mtupu, kwa sababu hadi leo sijaona mtu akimhangaikia mtoto wake kwa bidii kama ile.

Na bado, mimi mwenye kifua hicho, nilitaka kukimbia. Nilikuwa darasa la sita, mwembamba kama mshale, na ndoto zangu zilikuwa kubwa kunishinda. Nikitumwa maji nilikimbia, nikitumwa kwa jirani kuomba chumvi nilikimbia, na kwenye mteremko wa kwenda kituo cha kupimia majani chai nilikuwa najitangazia mwenyewe kama redio, Kemunto anakuja, Kemunto anawapita. Mteremko haukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi juu. Kifua kilianza kupiga mluzi, kwanza mdogo kama wa ndege, kisha mkubwa kiasi kwamba wenzangu waliusikia. Wavulana wa darasa letu walisema shule isihangaike kutafuta refa, filimbi ninayo kifuani. Nilicheka nao. Mtoto hucheka ili yaishe, halafu analia akiwa peke yake kwenye migomba.

Siku moja ya mazoezi nilianguka uwanjani. Si kujikwaa, hewa ilikataa tu kuingia. Nakumbuka nyasi zikiwa karibu sana na jicho langu, na viatu vya Mwalimu Ondieki, mwalimu wetu wa michezo, vikija mbio. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, mtu mnene kama yule, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba mimi na mbio tumeachana. Mama alipokwenda shuleni kumshukuru na kumuuliza kama uamuzi huo ni wa mwisho, alimjibu kwa upole nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Mama Kemunto, hapa nashika watoto wa watu. Nikikurudishia huyu akiwa amebebwa kwa blanketi, nitakwambia nini?"

Mama hakubishana. Alinishika mkono, na kesho yake akaniombea ruhusa shuleni tukaenda hospitali mjini Kisii. Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana mcheshi. Alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akanipulizisha ndani ya kimrija chenye mshale unaopanda, akasema nina pumu. Halafu akauliza swali ambalo hatukulitarajia: mtoto analala wapi? Mama akamweleza kwa fahari kidogo, jikoni, kando ya moto, na kuni haziishi. Daktari alivuta kiti karibu naye. Akasema, "Mama, umefanya kazi kubwa kumpa joto. Sasa mpe joto bila moshi. Moshi ndio unaombana." Niliuona uso wa Mama ukibadilika, nikadhani atalia. Hakulia. Aliuliza kama tukifika nyumbani mapema leo anaweza kuhamisha kitanda leo leo.

Nilikuwa nimekaa pale nikingoja amwombe daktari anikataze kukimbia, maana maneno ya daktari huwezi kuyapinga. Badala yake alisema, "Huyu mtoto anaota mbio hata usingizini. Akikimbia atakufa?"

"Akikimbia ovyo ataumia. Akifundishwa, atakimbia."

Akatufundisha. Alichukua chupa tupu ya maji, akapasha kisu moto akatoboa kitako chake, akapachika hapo inhela, kile kidude cha kuvutia dawa, ili nivute kwa utaratibu kupitia mdomo wa chupa. Alinipa inhela mbili. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata nikijisikia mzima kama ng'ombe. Ya bluu ni ya robo saa kabla ya mbio, na ya wakati nikibanwa. Nisianze kwa kasi. Nitembee kwanza, kisha nikimbie polepole mpaka mwili upate moto wake. Ukungu ukiwa mzito nijifunike pua na mdomo kwa kitambaa, au ningoje jua. Nikiwa na mafua nipumzike. Kifua kikianza mluzi nisimame, hata kama niko mbele. Na mwisho akasema nisikimbie peke yangu.

Hilo la mwisho Mama alilichukua kama amri ya kanisani. Baba alikuwa kazini mbali, kaka sina. Basi asubuhi ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na kwetu siku hiyo hakuna la miguu ila kwenda kanisani, nilitoka nje nikamkuta amesimama barabarani. Alikuwa na gambuti zake, viatu virefu vya mpira vya kuchumia chai, ile plastiki ya kuzuia umande imefungwa kiunoni, na inhela yangu mfukoni mwa aproni. Akasema twende. Nikamwambia watu watatuona. Akaniuliza kama watu hao wana mapafu ya kuniazima.

Tukaenda. Gambuti zilipiga kelele, plapu plapu, mbwa wakabweka boma hadi boma. Wanawake waliokuwa wakichuma waliinua vichwa kati ya mistari ya chai, na mmoja akamuuliza kwa sauti, "Mama Kemunto, unafukuzwa na nani?"

"Na daktari," akajibu bila kusimama, na shamba zima likacheka.

Msimu ule wote tulikimbia hivyo, tangu mvua ndefu ilipopungua hadi karibu na likizo ya Agosti. Mama hakujua chochote kuhusu mbio, ila alijua kuchuma. Alinieleza kwamba mchumaji mgeni huvamia mstari kwa nguvu, na kabla ya saa sita mikono imekufa. Mwenye uzoefu huanza kama anayecheza, vidole vinajipasha, na jioni kikapu chake ndicho kizito. Kwa hiyo tulianza kama wanaocheza. Alisikiliza pumzi yangu alivyozoea kusikiliza chungu kinachochemka, akajua kabla yangu kwamba sasa inabana. Shangazi zangu walimwonya kwamba inhela ni dawa ya watu wa kufa, eti nikiizoea moyo utalegea. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawakaribisha chai, na jioni akaniletea ile ya kahawia kama kawaida. Na jikoni akamlipa fundi kwa ndizi na kazi ya mikono, akatengenezewa jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi juu. Wale wale shangazi baadaye walikuja kuliiga.

Mluzi ulianza kupotea. Nilianza kulala usiku mzima. Ndipo Mama akarudi kwa Mwalimu Ondieki, amevaa nguo ya Sabato ingawa ilikuwa siku ya kazi, akamweleza yote aliyosema daktari, jambo moja moja. Mwalimu alikuna kichwa sana. Akakubali nikimbie katika mbio za kuchagua timu ya shule, lakini akasema waziwazi kwamba haniahidi nafasi, na kwamba bado ananiogopa.

Siku hiyo sijawahi kuwa na furaha na hofu kwa kiasi sawa namna ile. Nilivuta ya bluu nyuma ya choo, nikapasha mwili peke yangu huku wenzangu wakinicheka eti nimeanza mbio kabla ya mbio. Mama alisimama kwenye kona ya uwanja na kikapu chake mgongoni, kwa sababu alikuwa ametoroka shambani. Tulipoachiliwa nilifanya kama anayecheza. Wakanipita wote. Kisha nikaanza kuwala mmoja mmoja, na mzunguko wa mwisho ulipokaribia nilikuwa wa tatu. Timu ilitaka watatu.

Hapo ndipo lori la majani chai lilipita barabara ya juu, na vumbi lote likashuka uwanjani. Nilihisi kifua kikifunga kama mlango. Mluzi ukaja. Nilimwona mtu wa nne nyuma yangu, niliona mstari pale mbele, na nikajua kabisa ninaweza kujilazimisha nikafika. Nikasimama. Nilitoka nje ya mstari, nikakaa wima, nikamwinulia Mama mkono. Alifika na chupa kabla hata ya Mwalimu. Nilivuta, nikahesabu pumzi, nikavuta tena, mbele ya shule nzima, na wa nne, wa tano, wa sita wakanipita. Machozi yalikuwa yananitiririka lakini hewa ilikuwa inaingia.

Kifua kilipotulia nilimwambia Mwalimu samahani. Alichuchumaa kando yangu. Akageuka akamwambia Mama, "Mimi sikuogopa pumu yake. Niliogopa kwamba hatasimama." Halafu akaniambia mimi, "Kemunto, watatu wamechaguliwa, hilo siwezi kubadilisha. Lakini muhula ujao utafanya mazoezi na timu. Mtoto anayejua kusimama naweza kutoka naye nje ya Gesima."

Na kweli alitoka nami. Muhula uliofuata nilikimbia Birongo, kisha Kisii mjini, na sekondari nikaendelea mpaka kidato cha nne, mahali masomo yangu yalipoishia. Sikuwa bingwa wa dunia. Sasa ninakaa Kiogoro, mchana nauza rangi za nyumba katika duka mjini, na Jumapili asubuhi ninakimbia na watoto wa mtaa. Wengine wana pumu, mmoja ana kisukari na hatuanzi kabla hajapima damu yake na kula, mwingine daktari wake amesema atembee tu kwa sasa, basi anatembea na sisi tunamzunguka. Hakuna ninayempokea kabla mzazi hajampeleka hospitali kwanza. Ninaota siku moja tuwe na uwanja wetu, na chumba chenye muuguzi, na wanaocheka ndoto hii nawakaribisha waje wakimbie nasi.

Zamani zetu mtoto mgonjwa alifichwa, na aliyetaka kucheza alijificha ili acheze. Siku hizi wazazi wanakuja na maswali, na walimu wengi wanauliza kabla ya kupiga filimbi. Jumapili iliyopita kijana mmoja mdogo, mpya kwetu, alisimama katikati ya mbio akainua mkono. Wenzake walipunguza mwendo bila kuambiwa. Hakuna aliyemcheka. Alivuta dawa yake, akatulia, akauliza kama anaweza kurudi nyumbani kwa kutembea, na kundi zima likatembea naye.