Nilimgeuzia Wafula Maneno Mbele ya Kamera

Admin, jina langu usiliweke. Watu wa mtaa wa Tena wananijua na nina wajukuu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, na leo nina hasira mpaka chai imenishinda.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, mimi na rafiki yangu wa mtaa wa Huruma, nimwite Wafula, tuliacha vibarua vya Industrial Area hapa Nairobi tukaandikwa kwa meli ya Wazungu iliyokuwa ikifyonza mchanga wa madini baharini. Huko ndiko nilijua dharau ni nini. Wazungu walikula juu mezani, sisi tukala chini sakafuni. Vikombe vyetu vilipakwa rangi nyekundu ili visichanganyike na vyao. Na bomba likiziba, wanakataa kuzima mashine. Mwafrika ndiye anaingiza mkono kutoa mawe, mashine ikinguruma hivyo hivyo. Washenzi wale!

Siku moja wakaja watu wa filamu, wanapiga picha maisha ya wafanyakazi melini. Wafula hakujua Kizungu. Mimi nilifika form two, kwa hivyo nilikuwa mdomo wa wenzangu. Wafula akasimama mbele ya kamera akafoka, "Waambie sisi si mbwa! Waambie wazime hiyo mashine kabla haijamla mtu!"

Kapteni alikuwa nyuma ya kamera, amenikazia macho. Niliogopa kufutwa kazi. Nikasema kwa Kizungu, "Anasema tunaishi kama ndugu, na chakula ni kizuri." Mwenye kamera akatabasamu. Wafula akanipiga bega: "Asante, ndugu yangu. Sasa dunia imesikia."

Hata miezi miwili haikuisha, mashine ile ile ikamkata vidole vitatu. Alirudishwa Huruma na bandeji mkononi. Mimi nikabaki, nikapewa kazi ya stoo. Mpaka leo anawaambia watu kwamba alisema ukweli, Wazungu ndio walipuuza. Tukikutana kanisani ananisalimia kwa mkono huo huo, nami naupokea. Mimi ni mtu wa aina gani?

Sasa vijana wa kanisa wameipata hiyo filamu mtandaoni. Wameona kipande cha mwanzo tu, na tayari wanamshangilia Wafula. Jumapili baada ya ibada wataionyesha ukutani, Wafula akiwa mgeni wa heshima. Na hao vijana wote wanajua Kiswahili na Kizungu. Natamani kumkaba yule kapteni, lakini mdomo uliosema ni wangu.

Mke wangu ananiambia, "Baba Njeri, nenda umwambie mapema." Nimefika mlangoni kwa Wafula mara mbili, nikarudi. Jana akaja mwenyewe, amevaa koti la mtumba alilonunua kwa ajili ya siku hiyo, anacheka. Akaniambia, "Jumapili ukae kando yangu, ndugu. Wewe ndiye utanifasiria Kizungu cha filamu, kama zamani."

Jamani, nipeni shauri kabla Jumapili haijafika. Nitamfasiria nini?