Fundi aliniuliza kitanda yangu itakaa upande gani

Admin, jina langu ficha, lakini maneno yangu usikate. Naongea mingi, hata wateja wangu wanajua. Niko na miaka hamsini na mbili, nashona nguo hapa Kicukiro, shule sikuenda sana. Mume wangu alikufa zamani. Nyumba tulijenga naye, ndiyo naishi ndani na mtoto wangu wa kiume na mke wake.

Huyu mtoto akaniambia, "Mama, nakujengea ateliye, chumba ya kushonea, nyuma ya nyumba. Utaacha kushonea saloni." Jamani, nilicheza! Bati haijapanda, mtaa yote inajua. Wamama wa kanisa nikawaambia mje Jumapili kutaha, yaani kuifungua, maana sisi huku nyumba mpya haiingiwi kimya kimya. Watu wanakuja, wanakula, wanakunywa fanta, wanaimba.

Juzi fundi wa umeme akaja. Akachimba mfereji kutoka kwa nyumba, akapitisha waya chini ya dodo zangu, ile mchicha, mboga yote ikang'oka, mimi nacheka tu. Akafunga tablo ndogo kwa ukuta, ile sanduku ya swichi. Nikamsimamia kama bosi.

"Hii ya pasi, hii ya mashine, hii ya taa. Na hii ya jiko."

"Jiko ya nini? Mimi napika ndani."

"Na plagi ya kando ya kitanda niweke upande gani, maman?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Weye fundi, umechanganya kazi! Hapa inalala cherehani, si mtu."

Yeye hakucheka. Akaangalia bisibisi yake. "Bosi alisema mukecuru anahamia huku."

Mukecuru, yaani bibi kizee. Ni mimi huyo.

Mtoto aliporudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, nikamuuliza. Akasema, "Mama, sikufukuzi. Utakuwa na kwako. Mke wangu anataka nyumba itulie kidogo."

"Kwa hiyo mimi ndiyo kelele?"

"Mama, unaongea tangu unaamka."

Mke wake alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka.

Jamani, baba yake alipokufa hii nyumba ilinyamaza vibaya. Mtoto alikuwa mdogo, anaogopa kulala. Ndiyo nikaanza kuongea hivi, naongea nikipika, naongea nikishona, ili asikie kuko mtu. Nikashindwa kuacha. Leo ananijengea mahali pa kuongelea peke yangu.

Sasa nanyamaza. Naomba chumvi kwa mkono. Na wao wako sawa kabisa, wanaangalia televisheni.

Kuna kitu kingine inaniuma. Fundi alinielezea kwamba ile tablo yangu inakula umeme kwa tablo ya nyumba, na swichi yake kubwa inabaki kule ndani, kwa koridoo. Mtu wa ndani akichoka na mimi, anainua kidole moja tu, nakaa giza. Kwa nyumba nilibebea matofali na mimba ya huyu huyu.

Jumamosi fundi anarudi kuunganisha. Jumapili wamama wanakuja na nyimbo zao, niliwaita mimi mwenyewe na mdomo wangu.

Ndugu zangu mnaosoma, mnipe akili. Nimwambie fundi aunganishe, nihame nikicheka kama kawaida yangu? Ama nikatae, nilale kwa kitanda yangu ndani, mtoto anichukie? Na wale wamama wakianza kuimba, nitasema tunataha nini?