Kaswera Apiga Roki kwa Kinande

Kaswera Benedicte alivuka mpaka wa Mpondwe, kutoka Kongo kuingia Uganda, akiwa na kinanda mgongoni, amekifunga kwa kitenge na kukifunika blanketi kama anavyobebwa mtoto mgonjwa. Watu aliotoka nao Butembo walibeba masufuria, magodoro na kuku wachache, kwa maana mapigano yalikuwa yamesogea karibu na mtaa wao na kila mtu alichukua kile alichoona hawezi kuishi bila hicho. Askari wa mpakani alimtazama, akamzunguka, akamsimamisha.

“Mama, hii mtoto mbona ndefu hivi? Fungua.”

“Haiko mutoto, afande. Iko kinanda.”

“Kinanda ya nini?”

“Ya kupiga roki.”

Askari alidhani ni neno la Kifaransa. Akamwambia apige, asikie. Basi Kaswera akakiweka kinanda juu ya magunia ya maharage, akakiwasha kwa betri zake, akaanza. Anapopiga roki, mkono wa kushoto hunguruma chini kama lori linalopanda mlima, na wa kulia hukimbia huku na huku, halafu sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, huingia katikati. Wapagazi walitua mizigo. Madereva walichungulia madirishani. Alipomaliza, askari alikuwa amevua kofia, anajikuna kichwa.

“Sasa hii ni kelele ama ni muziki?”

“Iko byote, afande.”

“Haya pita. Pita na kelele yako.”

Kisa hiki alinisimulia mwenyewe nilipokuwa nikimshonea nguo, na mpagazi mmoja aliyekuwepo aliniapia kwamba hakikuongezwa chumvi hata kidogo.

Roki aliipata kwa mjomba wake Xavier, fundi redio wa Butembo, aliyekuwa na kanda za zamani alizozipenda kuliko chakula. Vidole alifundishwa na masista wa parokia, nyimbo za misa. Asubuhi kanisani, jioni kwa mjomba. Mama yake alipenda ile ya asubuhi tu. Ile ya jioni aliita fujo, na alipomuaga binti yake siku ya safari, kati ya machozi alisema: “Benedicte, kule Uganda upigie Mungu. Ile ya Xavier uiachage huku.”

Alijaribu kutii. Alifikia kwa shangazi yake Bwera, mji mdogo jirani na mpaka, na Jumapili ya kwanza akajitolea kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya, mzee mpole aitwaye Blasio, alifurahi mno kupata mpiga kinanda anayesoma nota. Furaha hiyo ilidumu mpaka Pasaka. Kwenye wimbo wa Utukufu, mkono wa kushoto wa Kaswera ulimponyoka ukaanza kunguruma. Bibi mmoja wa mbele aliinuka akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Baada ya misa Blasio alimwita pembeni.

“Binti yangu,” alisema taratibu, “Mungu hana shida ya masikio.”

Hawakugombana. Blasio mwenyewe alimwelekeza kwa Kule, kijana anayechomelea mageti kando ya barabara, ambaye alikuwa na gitaa la umeme na hakuwa na mtu wa kupiga naye. Mpiga ngoma walimpata sokoni Mpondwe. Mbambu alikuwa akiuza samaki wakavu, na ili kuita wateja alikuwa akipiga beseni kwa vijiti viwili. Kaswera alisimama mbele yake muda mrefu bila kununua kitu.

“Unataka samaki ama unataka nini?” Mbambu aliuliza.

“Nataka ile mikono yako.”

Walifanya mazoezi kwenye karakana ya Kule, katikati ya mageti yasiyopakwa rangi. Kazi yao ya kwanza ikawa harusi moja mjini Kasese. Kaswera alivaa koti jeusi nililomshonea mimi, lenye vifungo vingi kuliko ilivyohitajika, akaimba kwa Kiingereza, kama kwenye kanda za mjomba, Kiingereza ambacho hata yeye alikijua nusu. Wageni walimtazama kwa adabu. Wengine walitazama sahani zao. Baada ya wimbo wa tatu mshereheshaji alichukua kipaza sauti akasema bendi ipumzike kidogo ili watu wale, ingawa watu walikuwa wameshakula. Kisha akawasha spika zake na muziki wa kucheza, na ukumbi mzima ukasimama.

Jua lilikuwa bado halijazama walipopanda pikapu ya rafiki yake Kule kurudi nyumbani, wamekaa nyuma na vyombo vyao. Kaswera alilia mpaka njia panda ya Kikorongo. Pale hasira ikayapiku machozi, akaanza kuwasema wale wageni kwa Kinande, lugha ya kwao: jinsi walivyokaa kama wako matangani, jinsi walivyotafuna nyama yeye akifa mbele yao, jinsi yule mzee wa suti alivyomkonyeza mke wa mtu. Alisema kwa mdundo, bila kujua. Mbambu alianza kucheka, halafu akaanza kupiga ubavu wa pikapu kwa viganja.

“Hiyo! Hiyo ndiyo uimbe!”

“Hiyo iko matusi.”

“Iko Lhukonzo! Kinande yako na Lhukonzo yetu ya huku ni lugha moja, mimi nasikia yote. Ile ya huko Kasese hakuna mtu alisikia. Mbona unatuimbia kama sisi ni watalii?”

“Roki haiimbwake mu Kinande.”

“Nani alisema?”

Kaswera akarudia yale ya mzee wa suti, safari hii akiyaimba.

Tangu hapo akatunga kwa lugha ya nyumbani, ile ambayo watu wa pande zote mbili za mpaka wanaongea wakiwa wanagombana au wanapendana. Aliimba juu ya dereva aliyekwama Mpondwe na mzigo wake mpaka akaoa hapohapo. Aliimba juu ya bibi kizee aliyemficha mkwewe chumvi ndani ya kilemba. Watu walicheka kwanza, halafu wakacheza, halafu wakaanza kudai wimbo wa chumvi popote bendi ilipofika.

Mama yake hakujua lolote. Kwenye simu Kaswera alimwambia tu kwamba anapiga kinanda, naye mama akamshukuru Mungu. Siku moja ya soko mama alivuka na mafuta ya mawese, akapanda mpaka Bwera kumshtukiza binti. Alisikia ngurumo kutoka uwanjani, akaifuata. Kaswera alimwona katikati ya watu akiwa ameshafika kwenye ubeti wa kilemba. Akaacha kupiga. Yule bibi wa chumvi alikuwa nyanya yake mwenyewe, mama mkwe wa mama yake.

Mama alipasua umati, akapanda jukwaani na mkoba wake kwapani, akakamata kipaza sauti.

“Benedicte! Ile chumvi hakuifichaka mu kilemba. Aliifichaka mu kiatu ya babu yako! Kama unaimba, imba byenye byiko kweli.”

Uwanja ulilipuka. Kaswera akarekebisha ubeti palepale, na mama akabaki jukwaani mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kila neno lilipokuwa sahihi. Waliposhuka alimshika binti yake mashavu, akamwambia, “Xavier angeona hii, angefurahi sana.” Hakusema kama yeye mwenyewe alifurahi, ila alirudi kwa shangazi akiimba njia nzima. Kaswera aliniambia kwamba usiku ule alilala kama mtu aliyefika, maana kabla ya hapo alikuwa bado safarini.

Siku hizi bendi inaalikwa mpaka hoteli za watalii za karibu na Mweya. Mwezi uliopita nilifuatana nao Kahendero, kwenye sherehe ya wavuvi wa Ziwa George. Mchana ulikuwa mwangavu, viboko wamelala majini. Kaswera alipogusa nota za chini kabisa, kiboko mmoja akainua kichwa akajibu. Akagusa tena. Kiboko akajibu tena, kwa sauti ileile nzito, na wavuvi wakaanguka kwa kicheko.

“Huyu anachelewa,” Kule alilalamika. “Haendi na ngoma.”

“Basi mumungojee,” Kaswera akasema.

Mbambu akapunguza mwendo, na wimbo ukaanza upya.